Punje Mbili za Ganda Moja

Nyamera walikuwa wakimwangalia mtu mwingine.

Protase aliligundua jambo hilo siku ya ishirini na moja tangu aingie kwenye kibanda chake, saa sita mchana, jua likiwa utosini na hewa ikichezacheza juu ya kinamasi cha Ibanda. Kundi la swala hao wakubwa lilikuwa limeshuka kunywa maji. Dume wao, kama ilivyokuwa desturi yake ya kila siku, aliinua kichwa amkague Protase pale nyuma ya matete kabla ya kuwaruhusu wake zake wainame. Protase alikuwa na darubini machoni, kwa hiyo aliyaona macho ya dume yule waziwazi, kama wamekaa chumba kimoja. Hayakumwangalia yeye. Yaliangalia hatua moja kuliani kwake, pale kwenye mkeka ambapo hapakuwa na kitu ila kibuyu cha maji.

Alidhani kioo kimepinda. Akashusha darubini, akasogea taratibu, akakaa palepale penye kibuyu. Dume akahamisha macho bila haraka, akayaweka pale Protase alipotoka.

Inabidi niseme alifikaje huko, maana mwanaume mwenye mke na kibanja chenye migomba ya kutosha haendi kukaa porini peke yake kwa kupenda. Mwaka ule wa hamsini na tatu alifika Mzungu mmoja ambaye watu walimpachika jina la Bwana Darubini. Hakuja kuwinda. Jambo hilo lilizua vicheko kijijini kwao, Nyabiyonza nzima, kwamba mtu mzima na akili zake amevuka bahari aje amwangalie nyama akila majani, kisha amwache aende zake na sufuria iko tupu. Lakini Bwana Darubini hakuwa na mchezo. Mwisho wa kiangazi alitaka kuwaleta rafiki zake wawatazame wanyama kwa karibu, na ili wanyama wasikimbie ilibidi kwanza wamzoee binadamu. Akatafuta binadamu wa kuzoewa. Protase alikuwa mtoto wa mwindaji, amejifunza kukaa kimya tangu utotoni. Alikubali kwa sababu nyumba yake ilikuwa inavuja na binti yake, Kemilembe, alikuwa anaanza shule ya misheni.

Kazi yenyewe ukiisikia utasema ni usingizi wa kulipwa. Kukaa nyuma ya ukuta wa matete uliofika kifuani, kuonekana kichwa na mabega, kutofanya lolote. Bwana alimwachia darubini na sharti moja tu, asitoe sauti. Asiimbe, asipige mluzi, asijisemeshe. Alipoona Protase anakunja uso alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Sisi kazi yetu kuangalia tu. Mtu wa kuangalia tu hadhuru kitu." Kisha akawasha gari lake akaenda.

Kila Jumamosi Rwegasira, mtu wa kijiji cha jirani, alileta ndizi, maharage na chumvi, akaviweka juu ya mwamba mmoja mwendo wa nusu saa kutoka kibandani. Hakusogea zaidi ya hapo. Protase akienda kuchukua walisalimiana, na Rwegasira alikuwa ameshageuza miguu hata kabla salamu hazijaisha. Mara ya pili Protase alimshika mkono amzuie kidogo wapige soga, lakini mwenzake aliutoa mkono kwa adabu, akasema pori lile lina mwenyewe na yeye ana watoto.

Wiki ya tatu upweke ulimwingia Protase kwenye mifupa. Alimkumbuka mkewe, Pulkeria, hata kwa yale yaliyokuwa yakimkera, jinsi alivyomsema kila siku kwa kuacha jembe nje kwenye mvua. Asubuhi moja ndizi zake ziliungulia kwenye chungu, harufu ikajaa, na hakutokea mtu wa kumwuliza macho yake yako wapi. Protase akakaa chini mbele ya kile chungu akalia. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alianza kuwaamkia viboko kwa kuchezesha midomo tu bila sauti, na kuwauliza walilalaje.

Sasa nije kwenye ile Jumapili, siku tatu kabla ya nyamera.

Kule kwao mgeni mwenye heshima zake hapigi makelele mlangoni. Husimama kwenye njia inayoingia kibanjani, akakohoa kidogo, basi. Mama wa nyumba akisikia huchukua kaibo, kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya mjaja kisha ikaanikwa. Mwenyeji hutafuna kwanza mgeni aone kwamba hakuna ubaya, halafu mgeni hupokea. Kumnyima mtu akamwani ni kumwambia arudi alikotoka. Protase alikuwa ameondoka nyumbani na kaibo kimejaa, Pulkeria alimfungashia, na Jumapili hiyo lilikuwa limebaki tunda moja.

Mchana, wakati ndege wote walikuwa wamenyamaza, mtu alikohoa nyuma ya kibanda.

Kilikuwa kikohozi cha adabu, cha mtu asiyetaka kusumbua. Protase aligeuka akachungulia. Aliona majani yamesimama, na joto. Hakukuwa na mtu. Lakini moyo wake ulikuwa umesharuka kwa furaha, na hapo ndipo ninapomlaumu, na hapohapo ndipo ninapomhurumia. Alichukua lile tunda la mwisho akalipasua kwa kucha. Ndani, kama ilivyo kahawa yoyote, punje mbili zilikuwa zimelala kifua kwa kifua. Asubuhi alikuwa amejikata kidole gumba akirekebisha matete, jeraha likafunguka, na damu ikazigusa punje zote mbili. Hakujali. Alizitandika juu ya kipande cha jani la mgomba, akalisogeza jani hadi mlangoni, na kwa mara ya kwanza kibandani humo akatoa sauti yake.

"Karibu, waitu," alisema, kwa lile neno la heshima la kwao. "Kwangu ni kwako."

Alikuwa anajitania. Alikuwa anyooshe mkono achukue ya kwake atafune kwanza, kama mwenyeji, mara taya wawili, wale swala wa kwenye matete, wakatimka kule majini, naye akairukia darubini aone wamekimbia nini. Hakuona kitu. Aliporudi kwenye jani, punje moja haikuwapo. Ile iliyobaki ilikuwa imelowa na kugeuka rangi, nyeusi inayoelekea wekundu. Akasema panya hawa hawana haya, akacheka peke yake, akaitia ile punje mdomoni. Ilikuwa chungu na yenye ladha ya chuma, na aliimeza.

Baada ya siku ya nyamera, mambo hayakujificha tena.

Kwanza ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya mjaja uliochemshwa, nzuri kabisa, ya jikoni kwa mama yake, ila chini yake kulikuwa na tope la kinamasi, lile la chini kabisa ambalo halijaona jua. Kisha ikaja sauti ya kutafuna. Mtu alikuwa akitafuna kahawa kuliani kwake, polepole, kwa meno ya mbele, na Protase alipozuia pumzi ili asikilize, kutafuna nako kulikoma. Alipovuta pumzi kukaendelea. Alitoa rozari akasali mafungu yote matano, na kila alipofika mwisho wa Salamu Maria alisikia pembeni pumzi inashushwa pamoja na yake, kwa utulivu wa mtu aliyezoea ibada.

Na wanyama walizidi kuja. Bwana Darubini angelia kwa furaha. Siku moja Protase aliwaza moyoni, bila hata kuufumbua mdomo, kwamba kwa kiangazi chote hicho hajaona pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, na kabla kivuli cha kibanda hakijasogea upana wa kiganja pofu saba walishuka kutoka mlimani wakapanga mstari mbele yake, wakasimama bila kunywa. Aliwaza nzohe, na nzohe wakatoka kwenye mafunjo mchana kweupe, wale swala wa kinamasini wenye aibu ambao baba yake aliwinda maisha yake yote akawaona mara mbili, wakaja wakiburuza kwato zao ndefu kwenye tope hadi akaweza kuhesabu kope zao, na wote, pofu na nzohe na viboko waliotoa vichwa majini, walikuwa wakiangalia hatua moja pembeni yake, wakisubiri, mpaka akashindwa kuvumilia akafumba macho, na alipofumba macho akasikia mkeka unalia kuliani kwake, ule mlio wa mkeka mtu anapojisogeza karibu ili amwambie mwenzake jambo.

Asubuhi iliyofuata funo, swala mdogo wa vichakani, alikuwa amelazwa mlangoni. Hakuwa na jeraha. Miguu ilikuwa imekunjwa vizuri, na kichwa kimeelekezwa ndani, namna watu wa kwao wanavyoleta zawadi ya mbuzi.

Hapo ndipo Protase alipoelewa. Babu yake alikuwa na mtu wa namna hiyo. Zamani, wanaume wawili wakitaka undugu usiokatika walichanjana tumboni, wakachukua tunda moja la kahawa, kila mmoja akaipaka punje yake damu, wakabadilishana, wakameza. Huo ndio omukago, undugu wa kuchanjiana. Mapadri waliupigia kelele mpaka ukaisha, au ukajificha. Ndugu wa omukago haombi ruhusa ya kuingia kwako. Hula bila kukaribishwa. Akikuletea unapokea, na akiomba hanyimwi, hata akiomba nini.

Aliivaa darubini shingoni, maana haikuwa yake na aliogopa kuiacha, akaondoka saa hiyohiyo kuelekea kwao. Njia ilikuwa ya siku moja na nusu. Jioni alifika kwa mfugaji mmoja, Muhangi, kwenye mbuga wazi, akaomba pa kujilaza. Ng'ombe walikuwa wanarudi zizini. Wote, mmoja baada ya mwingine, waligeuza vichwa hatua moja kuliani kwake walipompita. Muhangi alimletea maziwa kwenye kibuyu, akasimama akimtazama anavyokunywa. Alipomaliza, Muhangi akauliza kwa sauti ya chini, "Na mwenzako huyu, yeye hanywi maziwa?"

Kesho yake saa nane alikuwa kwa shangazi yake, Adelgunda, upande wa huku wa mlima. Kwake Protase kulikuwa upande wa pili, ukipanda mlima na kushuka umefika. Adelgunda alibatizwa akiwa ameshakuwa mwanamke mzima, akapewa jina hilo refu, na kila Jumamosi alifagia kanisa. Lakini usichana wake aliutumia kumtumikia Irungu, mwenye pori na kila kilichomo, na watu walikuwa bado wanamjia kwa kupitia migombani nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, shangazi," Protase alisema.

Hakuitikia. Aliangalia pembeni ya Protase, akarudi ndani, akatoka na kigae cha makaa na majani makavu. Alipoyaweka majani motoni moshi ulipanda, ukatambaa uani, na ulipofika karibu na Protase ukagawanyika, ukapita huku na huku, ukaacha mahali patupu penye ukubwa wa mtu aliyechuchumaa. Adelgunda aliutazama moshi ule mpaka ukaisha. Kisha akamtaka Protase amweleze kila kitu, naye akaeleza, kikohozi, punje, pofu, yule funo.

"Ulimwambiaje?" shangazi aliuliza.

"Nilimkaribisha tu. Kama tunavyomkaribisha mtu yeyote."

"Neno kwa neno, Protase."

"Nilisema karibu, waitu. Kwangu ni kwako."

Adelgunda alifumba macho. "Ulisema kibanda?"

"Hapana."

"Ulisema kwako."

 Protase akamwomba amtoe mgeni huyo, akasema amesikia kwamba watu wa pwani wana majini na wana walimu wa kuyatoa, iweje yeye ashindwe.

"Aliyekuja mwenyewe ningemtoa," shangazi alisema. "Nimewatoa wengi. Huyu ni ndugu yako, umemlisha damu na amekulisha. Nani anamfukuza ndugu wa mtu?"

"Sasa anataka nini kwangu?"

"Ameshakupa, sasa ataomba. Nyama anao pori zima. Asichokuwa nacho ni watu." Sauti yake sasa ilikuwa ya huruma, sijui alikuwa anamhurumia nani kati ya wale wawili. "Ana upweke, mwanangu. Kama wewe tu. Ndiyo maana mlisikiana."

Kisha akampa masharti. Arudi Ibanda leo hiihii, akae naye kimya mpaka mibuni ichanue tena. Asimpe kitu, asipokee kitu, asimwambie neno, kwa kuwa ndugu asiyelishwa huchoka akatafuta pa kwenda. Yeye mwenyewe kesho asubuhi, miguu ikimruhusu, atapanda mlima kwenda kumwonya Pulkeria. Lakini Protase asiukanyage upande wa pili.

"Kwako bado hakujui," alisema. "Njia ya huko hajaonyeshwa. Akiijua atakwenda kukohoa pale, na Pulkeria atatoka na kaibo, maana yule mwanamke hajui kumnyima mgeni. Akishapokea kutoka mkononi mwa mkeo amekuwa mtu wa nyumba. Na mtu wa nyumba akimwita mtoto, mtoto huenda."

Protase alitoka. Alinuia kutii, nataka ijulikane hivyo. Alirudi na njia aliyojia mpaka pale inapogawanyika, tawi moja linashuka Ibanda, jingine linapanda mgongo wa mlima, hatua kama mia mbili tu. Hapo alisimama. Aliwaza kukaa kimya kule mpaka mibuni ichanue tena, aliwaza kile chungu cha ndizi zilizoungua. Hakutaka kushuka. Hakutaka hata kuvuka kilele. Alitaka kuwaona mara moja tu, ili awe na kitu cha kwenda nacho. Alikuwa na darubini shingoni, na maneno ya Bwana yalimjia yenyewe. Mtu wa kuangalia tu hadhuru kitu.

Akapanda. Alipofika juu alilala kifudifudi kwenye majani, akaweka darubini machoni, akaitafuta nyumba yake.

Aliiona. Aliona kahawa imeanikwa uani, nyekundu upande mmoja na nyeusi upande mwingine, na Pulkeria ameinama anaigeuza kwa mikono, khanga yake ile ya bluu iliyofifia. Jembe lilikuwa nje. Aliliona jembe, limeegemea ukuta, na akacheka huku machozi yanalowesha kioo. Kemilembe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka akichora chini kwa kijiti. Alimwambia mama yake jambo, akacheka, na Protase akaona kwamba meno ya mbele yameng'oka, mawili, na yeye hakuwapo. Alikaa akiwaangalia hivyo kwa muda mrefu. Sijawahi kusikia kwamba alijuta kwa muda huo.

Kisha Kemilembe akainua kichwa.

Aliuangalia mlima, akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua. Kwa umbali ule mtoto hawezi kumwona mtu aliyelala majanini, na Protase alijua hivyo, lakini alikuwa ameishi majuma kwa kusoma macho na hakuhitaji kufundishwa. Binti yake alikuwa akiangalia hatua moja kuliani kwake. Akaunyanyua mkono akaupunga, kwa furaha, kama anayempungia mgeni aliyealikwa.

Protase alishusha darubini. Kuliani kwake majani yalikuwa yamelala, yamebonyea umbo la mtu aliyelala kifudifudi kama yeye, viwiko vimewekwa mbele. Na majani yale yalikuwa yanainuka, unyasi mmoja mmoja, taratibu. Harufu ya mjaja ilikuwa imekwisha. Pumzi iliyokuwa ikishuka pamoja na yake haikuwapo. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili alikuwa peke yake kweli, na upweke ule wa kibandani, aliokuwa ameulilia, ulikuwa si kitu mbele ya huu.

Alisimama akapiga kelele. Aliita jina la mkewe, aliita jina la mtoto, akaita tena, lakini koo lilikuwa limekaa siku nyingi bila kupaza sauti, sauti ikatoka ya kukwaruza, na upepo wa mchana ukaichukua ukaipeleka nyuma yake, kuelekea pori. Alianza kukimbia kuteremka, akaanguka, akainuka na darubini mkononi, na kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kufika kule haraka aliirudisha machoni.

Pulkeria alikuwa ameacha kugeuza kahawa. Alisimama ameelekeza sikio kwenye njia inayoingia kibanjani. Akafuta mikono, akaiweka khanga sawa, akaingia ndani. Kemilembe alisogea pembeni akapapasa mkeka, akimwachia mtu nafasi.

Kisha mkewe akatoka na kaibo. Alichagua tunda moja, akatafuna kwanza, kama inavyotakiwa. Akapiga goti mbele ya njia tupu, akanyoosha kikapu kwa mikono miwili, akatabasamu, na midomo yake ikasema maneno ambayo Protase hakuhitaji kuyasikia.